Breki za dramu za nyuma: umefunga, sasa zinagoma

Viatu vipya vimeingia, springi zote zimerudi, hakuna kipande kilichobaki kwenye beseni. Unainua dramu, unaisukuma, inagoma nusu ya njia. Au inaingia vizuri lakini tairi halizunguki hata kwa mikono miwili. Au kila kitu kinazunguka, unakaa kwenye usukani, unakanyaga, na pedeli inashuka mpaka karibu na zulia. Hapo ndipo wengi hushika nyundo, au hurudi dukani kununua kifaa kingine. Subiri kwanza.

Nazungumzia magari madogo yaliyojaa kwenye barabara zetu: Vitz, IST, Probox, Passo, Corolla 110 na ndugu zao. Ukivua dramu unakuta viatu viwili vimesimama, kimoja mbele na kimoja nyuma. Juu yao kuna wili silinda, ile inayovisukuma kwa mafuta ya breki. Chini vimeegemea kiegemeo kilichoshikana na bamba, ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya viatu. Chini kidogo ya silinda kuna ajasta, kijiti chenye kinyota cha meno, kinachopanua nafasi kati ya viatu kadiri lainingi, zile tabaka za msuguano zilizobandikwa kwenye viatu, zinavyokwisha. Na kwenye kiatu kimoja, mara nyingi cha nyuma, umeshikizwa wenzo wa hendibreki ambao waya wake unaingilia nyuma ya bamba. Magari mengine yana mpangilio tofauti kidogo, lakini kazi za vipande hivyo ni zilezile.

Nimefunga breki hizi kwa miaka mingi uani kwangu na kwa majirani, na ninalolisisitiza ni hili: tatizo linalojitokeza mara tu baada ya kufunga, kwa kawaida halimo kwenye kifaa kipya. Limo sehemu tatu. Wenzo wa hendibreki umelala wapi, ajasta ina urefu gani na ni ya upande upi, na ncha za viatu zimeingia kwenye nafasi zake au zimekaa pembeni. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya hizo.

Kabla hujafungua tena

Gari liwe sehemu tambarare, gia iwe P au namba moja, na mawe yabane magurudumu ya mbele pande zote mbili, mbele na nyuma. Hili ni muhimu kuliko kwenye kazi nyingine kwa sababu hapa hendibreki lazima iachiwe, kwa hiyo haikusaidii kushika gari. Gari likae juu ya stendi za chuma. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa, na ukiwa umeinama kwenye bamba kichwa chako kiko chini ya fenda.

Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lisugue kwa brashi, lidondokee kwenye beseni. Breki klina ya kopo nayo inafaa. Petroli na dizeli viache kabisa, kwa sababu zikigusa raba za silinda huzivimbisha na kuziharibu.

Na kama bado hujafungua upande wa pili, uache ulivyo. Huo ndio ramani yako. Kumbuka tu kwamba umegeuzwa kama kwenye kioo: kilichoelekea mbele upande wa kushoto kinaelekea mbele pia upande wa kulia, lakini machoni pako kitaonekana kimehamia mkono mwingine. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa springi ya kwanza.

Dramu haiingii

Hili ndilo la kwanza na ndilo linalowafanya watu wapige dramu kwa nyundo mpaka inapasuka ukingo. Dramu nzima haihitaji kupigwa. Ikigoma, viatu vimepanuka kuliko inavyotakiwa au havipo katikati.

Anza na hendibreki. Imeachiwa kabisa? Sasa angalia wenzo wake nyuma ya kiatu. Wenzo una kinundu au ukingo unaotakiwa kulala ukigusa mwili wa kiatu. Pitisha ukucha kati ya wenzo na kiatu. Ukucha ukipita, wenzo haujarudi nyumbani, na muda wote huo unasukuma ajasta, ajasta inasukuma viatu. Sababu ya kwanza ni waya uliokazwa sana. Lainingi zilipokuwa zimekwisha, mtu alikaza waya pale kwenye mkono wa hendibreki ili ishike. Sasa umeweka lainingi nene na waya ni mfupi. Legeza nati ya kurekebishia waya, iwe chini ya konsoli katikati ya viti, mpaka wenzo urudi wenyewe. Sababu ya pili ni waya ulioshika kutu ndani ya ganda lake. Huo ukiuvuta kwa koleo unakwenda lakini haurudi. Waya wa namna hiyo haulegezwi, unabadilishwa. Sababu ya tatu ni kichwa cha waya kilichokaa juu ya mdomo wa wenzo badala ya kuingia kwenye mfereji wake. Ukitazama kwa tochi utakiona.

Kama wenzo umelala sawa, nenda kwenye ajasta. Ukiweka viatu vipya, ajasta lazima irudishwe iwe fupi kabisa, kwa sababu ile uliyoikuta ilikuwa imerefuka kufuata lainingi zilizolika. Izungushe kinyota mpaka mwisho, kisha irudishe nyuma kidogo isikwame. Ukiwa umeitoa, ifungue nyuzi zake zote, isafishe kwa brashi ya waya, ipake grisi ya joto kali kidogo sana, na uhakikishe inazunguka kwa vidole viwili bila kulazimishwa.

Halafu tazama ncha za viatu. Juu, kila kiatu kinatakiwa kiingie kwenye mfereji wa pistoni ya silinda. Chini, viingie kwenye kiegemeo. Ncha za ajasta nazo zina uma mmoja kila upande, na uma huo unatakiwa uingie kwenye kikato cha kiatu. Upande wa kiatu cha nyuma uma unashika kiatu pamoja na wenzo. Mara nyingi kosa ni hapo: uma umeshika wenzo peke yake, au kiatu peke yake. Kwa mbali panaonekana sawa. Chuchumaa mpaka jicho liwe usawa wa ajasta, angalia kwa pembeni.

Mwisho, viatu viweke katikati. Vipige kwa kiganja juu, chini, mbele na nyuma; vitateleza kwenye bamba mpaka viwe sawa. Dramu ikagomea milimita chache za mwisho, angalia kutu kwenye shingo ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ndani ya tundu la katikati la dramu. Msasa unamaliza kazi.

Kama umefanya yote hayo na bado, weka kiatu cha zamani na kipya pamoja, mgongo kwa mgongo. Duka linaweza kukupa seti ya gari linalofanana. Upana na mpindo vitakwambia.

Imeingia, lakini tairi linabana

Zungusha dramu kwa mkono. Kusikia msuguano mwepesi, kama mtu anafagia mbali, si kosa kwa lainingi mpya. Kinachotakiwa ni dramu izunguke kwa mkono mmoja bila kung'ang'ania. Ikibana mzunguko mzima, ajasta ni ndefu. Ikibana sehemu moja tu ya mzunguko kisha ikaachia, dramu ina umbo la yai au haijakaa sawa kwenye habu.

Vitabu vya matengenezo vya Toyota kwa magari mengi ya aina hii vinataka upana wa viatu uwe pungufu ya kipenyo cha ndani cha dramu kwa milimita 0.6. Kama una kipimo cha venia, pima dramu, pima viatu, rekebisha ajasta kufikia hapo. Kama huna, njia ya uani ni hii: panua ajasta meno machache, ingiza dramu, zungusha, toa, ongeza, rudia, mpaka isikike ikigusa, kisha punguza mpaka izunguke huru. Inachosha, lakini ukiharakisha hapa utalipia kwenye pedeli.

Ukijikuta umekaza kupita kiasi na dramu sasa haitoki, usiivute kwa nguvu. Nyuma ya bamba, au kwenye uso wa dramu yenyewe, kuna tundu lililozibwa kwa raba. Utahitaji bisibisi mbili nyembamba: moja inasukuma kilimi cha ajasta, kile kichuma kinachokamata na kusukuma meno ya kinyota, kiache meno, nyingine inazungusha kinyota kulegeza. Bila ile ya kwanza utazungusha mpaka jioni, maana kilimi kazi yake ni kuzuia kinyota kisirudi nyuma. Na kama kilichoshika ni kutu ya habu, dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Bolti mbili za milimita 8 zikikazwa humo kwa zamu, robo kwa robo, zinaisukuma dramu nje yenyewe.

Hali nyingine ni ya gari linalozunguka huru uani lakini baada ya kilomita chache rimu moja ni la moto. Hapo kuna kitu hakirudi. Springi ya juu iliyochoka, wenzo ulioshikwa na waya wenye kutu, pistoni iliyokwama kwenye silinda, au mpira wa breki uliooza kwa ndani unaopitisha mafuta yakienda na kuyazuia yakirudi. Kutofautisha ni rahisi. Tairi likiwa limebana, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi likaachia, presha ilikuwa imefungiwa, mtazame mpira. Yasiporuka na tairi bado limebana, tatizo ni la chuma: springi, wenzo, waya au pistoni.

Pedeli inazama

Hapa watu hukimbilia kutoa upepo. Wakati mwingine wako sahihi. Lakini kama hukufungua paipu yoyote wala silinda, upepo umeingilia wapi? Mara nyingi ni nafasi kubwa kati ya viatu na dramu. Pistoni zinatakiwa zisafiri mbali kabla lainingi hazijagusa, na safari hiyo unaiona kwenye mguu wako.

Fanya hivi, gari likiwa limesimama na injini inawaka. Kanyaga mara moja, uone pedeli inafika wapi. Achia, kanyaga mara tatu haraka. Ikipanda na kuwa ngumu kama imegonga jiwe, ni nafasi. Ikipanda lakini inanesa kama unakanyaga sifongo, ni upepo. Ukiikanyaga na kuishikilia nayo ikazidi kushuka taratibu chini ya mguu, kuna mahali panavuja au raba za masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, zimekufa, na gari hilo lisitoke.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi. Vuta hendibreki meno matatu, kisha kanyaga. Ikiwa pedeli sasa inashika juu kuliko mwanzo, umepata jibu: nafasi iko kwenye dramu za nyuma, kwa sababu hendibreki imevisogeza viatu karibu na kazi ya mafuta imepungua. Rudi kwenye ajasta.

Na ajasta yenyewe inaweza kuwa ndiyo adui. Ajasta ya kushoto na ya kulia hazifanani. Moja ina nyuzi za kawaida, nyingine ina nyuzi za kinyume, kwa sababu kilimi cha upande mmoja kinasukuma kinyota kuelekea huku na cha upande wa pili kuelekea kule. Ukizibadilisha zinaingia, zinakaa, hakuna kinachoonyesha kosa. Lakini kila kilimi kinaposukuma jino, ajasta inafupika badala ya kurefuka.

Lilinipata kwenye Corolla yangu. Jua lilikuwa linazama, nikafungua pande zote mbili kwa pamoja ili nimalize kabla ya giza, nikaweka vipande vyote kwenye beseni moja. Siku ya kwanza pedeli ilikuwa nzuri mno. Wiki ya pili ikawa chini kidogo, nikadhani ni lainingi zinajipanga. Wiki ya tatu tulikuwa tumepanga safari ya Mbeya, gari limejaa watu na mizigo, na asubuhi ile nilipokanyaga mara ya kwanza mguu ulikwenda mbali kiasi kwamba nilizima injini nikashuka. Safari ikaahirishwa. Nilipovua dramu ajasta zote mbili zilikuwa zimejifupisha hadi mwisho. Nafikiri mara nyingi juu ya kushuka mlima Kitonga na breki za namna ile, na tangu siku hiyo sijawahi kufungua pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ajasta nyingi zina alama ya herufi L au R iliyochongwa, nyingine rangi. Kama alama imefutika, shika ajasta ilivyo pale ilipo na usukume kinyota kwa bisibisi kuelekea upande kilimi kinakosukuma. Ikirefuka, ni yake. Ikifupika, umechanganya.

Kujua kama inajirekebisha, dramu ikiwa imefungwa vuta na uachie hendibreki mara kumi au zaidi, kisha kanyaga breki vivyo hivyo. Kwenye baadhi ya magari ajasta hujisogeza ukivuta hendibreki, kwenye mengine ukikanyaga pedeli, na zipo zinazosubiri ukanyage breki huku gari likirudi nyuma. Tega sikio karibu na tairi: utasikia tik ndogo, tik, mpaka itakaponyamaza. Kunyamaza maana yake nafasi imefikia kiwango. Kama tangu mwanzo hakuna tik hata moja, kagua kilimi, springi yake ndogo, na kile kinundu cha wenzo tulichokizungumza. Waya wa hendibreki uliokazwa sana huzuia ajasta kufanya kazi, maana wenzo hauna pa kurudi. Ndiyo sababu mpangilio ni ajasta kwanza, waya mwisho. Anayekaza waya ili kuficha viatu vilivyolegea anaua ajasta, halafu baada ya mwezi anarudi kukaza tena.

Kama kweli ni upepo, toa upepo kwa utulivu. Mimi husaidiwa na kijana wangu. Yeye anakaa kwenye kiti, mimi niko nyuma na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. "Kanyaga," anashusha mguu taratibu. "Shikilia," nafungua skrubu robo mzunguko, povu linatoka. "Imegusa ubao, baba." Nafunga kwanza, ndipo nasema "achia". Huo ubao ni kipande kinachowekwa chini ya pedeli isifike mwisho kabisa. Kwenye gari la siku nyingi, raba za masta silinda zikisukumwa mpaka eneo ambalo hazijawahi kufika hukuta kutu na kuchanika. Kopo la mafuta kule mbele lisikauke hata mara moja, na dramu zote ziwe zimefungwa kabla mtu hajagusa pedeli. Dramu ikiwa nje, mguu mmoja tu unatosha kuzitoa pistoni kwenye silinda.

Mafuta yawe aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa magari haya kwa kawaida DOT 3. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi kabatini tangu mwaka juzi usiitumie. Na mafuta ya injini hata tone moja yasiingie humo.

Hendibreki haishiki

Kama pedeli iko juu na imara lakini hendibreki inapanda mpaka juu bila kushika, sasa ndiyo zamu ya waya. Kwa nguvu ya kawaida ya mkono ishike kati ya meno 5 na 9, kutegemea gari. Kaza nati ya waya mpaka ufike hapo, kisha iachie na uzungushe tairi zote mbili za nyuma. Zikibana, umezidisha.

Ikishika upande mmoja tu, fungua upande usioshika. Kichwa cha waya kimechomoka kwenye wenzo, au klipu inayofunga wenzo kwenye pini ya kiatu imeruka. Kishika chembamba kilicho chini ya klipu hiyo huhamishwa kutoka kiatu cha zamani kwenda kipya, na wengi hukisahau hicho chembamba kwa sababu kimegandana na uchafu. Klipu ikishapanuliwa mara moja haishiki tena kama mwanzo. Nunua mpya.

Tairi moja linakamata ghafla

Ukikanyaga kidogo, tairi moja la nyuma linafunga na kuburuza. Kwenye mvua hili ni hatari, kwa sababu magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele, mkia wa gari hutaka kutangulia.

Tafuta uchafu kwenye lainingi. Alama ya kidole chenye grisi inatosha kuanzisha tabia hii, na mafuta ya breki yaliyolowa huifanya iwe mbaya zaidi. Lainingi iliyonyonya mafuta haisafishiki. Watu huichoma moto, huisugua msasa, inaonekana kavu, halafu ikipata joto mafuta yanatoka tena. Badilisha viatu vya pande zote mbili, usibadilishe upande mmoja.

Kisha ujue mafuta yametoka wapi. Chukua tone lake kwenye sahani, weka maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji na kupotea. Mafuta ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, huelea, na yana harufu kali ya kiberiti. Kwenye Hiace na magari mengine yenye ekseli nzima nyuma, ya difu hupitia sili ya ekseli iliyochoka. Kwenye Vitz au Probox inayosukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu hakuna difu huko, kwa hiyo mkamate wili silinda.

Na silinda inaweza kuanza kuvuja siku hiyohiyo uliyoweka viatu vipya, ingawa ilikuwa kavu jana. Lainingi nene zinazirudisha pistoni ndani, kwenye sehemu ya tundu ambayo kwa miaka haikuguswa na imepata kutu. Raba inapita juu ya kutu, inachanika. Ndiyo maana kabla ya kufunga mimi huinua ukingo wa raba ya vumbi kwa bisibisi butu kila upande. Unyevunyevu mdogo tu ndani yake, nabadilisha silinda nzima.

Kama lainingi ni safi, hakikisha hujabadilishana kiatu cha mbele na cha nyuma. Kwenye magari ambayo lainingi mbili hazina urefu sawa, fupi kwa kawaida hukaa mbele.

Kelele

Mlio wa kukwaruza chuma kila mzunguko: ukingo wa bamba umepinda unagusa dramu, au dramu ya zamani ina mdomo wa kutu unaokutana na lainingi mpya. Mlio wa "kla" mara moja unapokanyaga: kiatu kinaruka juu ya vituta sita au zaidi vilivyo kwenye bamba, pale viatu vinapotelezea. Vikiwa vimechimbika, visawazishe kwa msasa. Vikiwa vikavu, vipake grisi ya joto kali, filamu nyembamba tu. Mgongano unaporuka matuta: springi ya kushikilia imetoka kwenye pini yake. Kikofia chake kinatakiwa kisukumwe, kizungushwe nyuzi 90, kisha kiachiwe kikae kwenye kitako cha pini. Kikiachwa nusu hutoka baadaye.

Breki dhaifu ingawa kila kitu kiko sawa: paka chaki ndani ya dramu, funga, vuta hendibreki ukizungusha kidogo, fungua. Chaki ikiwa imeshika katikati ya lainingi tu, mpindo wa kiatu na dramu havijakutana. Mara nyingi dramu imechongwa kwa mashine ya lezi mpaka imepitiliza. Kikomo kimeandikwa juu yake; dramu ya milimita 200 kwenye Corolla nyingi huandikwa MAX 201. Ikipita hapo haichongwi tena.

Pedeli inayotetemeka chini ya mguu baada ya kazi hii nzima, kabla ya kulaumu dramu, vua tairi uangalie uso wa habu. Kipande cha kutu kilichobanwa kati ya habu na dramu kinatosha kuipindisha. Nati nazo zikazwe kwa kukingamana, gari likiwa limeshushwa. Kwa magari haya ya Toyota kiwango ni nyutonimita 103.

Kutoka nayo

Kabla ya kuwasha, kanyaga mpaka pedeli iwe imara, na utazame kiwango kwenye kopo la mafuta. Tafuta mahali wazi pasipo na watu. Nenda mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kanyaga kwa upole, mikono ikiwa myepesi kwenye usukani uone kama gari linavuta upande. Rudi nyuma, kanyaga tena. Vuta hendibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Ongeza mwendo kidogo kidogo, simama taratibu mara kumi hivi, ukiacha breki zipoe katikati. Siku chache za mwanzo usizikanyage kwa ghafla isipokuwa umelazimika.

Kisha endesha kilomita tano bila kuzitumia sana, simama, weka kiganja karibu na kila rimu la nyuma bila kugusa. Joto liwe sawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukikufukuza mkono, lipeleke gari nyumbani polepole, inua upande huo huo, achia hendibreki, na uanze kwa kupitisha ukucha kati ya wenzo na kiatu.